Wapiga Piano Watatu na Babu Yangu

Nilimwondoa babu yangu kwenye kinanda cha kanisa kwa msaada wa wapiga piano watatu ambao hawajawahi kusikia jina la kijiji chetu, Unyambwa. Mmoja wao alikwisha kufa. Sikusema uongo. Kila nilichosema siku ile kilikuwa kweli kwa kadiri nilivyojua, na sehemu kubwa ya ubaya wake inatoka hapo.

Niliwafahamu watu hao nikiwa mwaka wa pili chuoni. Nilikuwa natafuta kipande kimoja tu cha muziki, kile ambacho babu alikipiga kila jeneza lilipokuwa likitolewa kanisani kwetu. Mtunzi nilimjua kwa sababu babu alilitamka jina lake kama la jirani: Mjerumani wa zamani, aliyekufa kabla hatujawa na kanisa wala bati la kuliezekea. Nilipekua kazi zake kwenye simu jioni baada ya jioni hadi nikakipata. Mwanzoni nilidhani si chenyewe. Kilikuwa juu mno, na kilikwenda upesi. Nilikisikiliza tena, nikagundua kuwa noti ni zilezile.

Halafu nikagundua kwamba kila mpigaji alikuwa na mwendo wake. Wa kwanza alikuwa mama mzee mwenye nywele nyeupe. Aligusa kila noti kama anayeiomba ruhusa, na mkono wake wa kushoto ulitembea kama mtu anayekwenda kisimani bila haraka, kwa sababu anajua foleni ni ndefu. Wa pili alikuwa kijana. Vidole vyake vilikwenda kama cherehani ya fundi aliyebakiwa na siku mbili za kumaliza sare za shule. Noti zote zilikuwa safi, hakuna iliyoegemea mwenzake, na alimaliza wakati yule mama bado yuko katikati. Wa tatu alirekodiwa zamani, mikwaruzo ilikuwa mingi. Sehemu ya kwanza aliipiga kwa nguvu. Alipoirudia, aliipiga polepole na kwa sauti ya chini, na mimi nikatumia karibu miaka miwili nikijiuliza kwa nini.

Mtunzi mmoja, noti zilezile, na watu watatu wanaosifiwa duniani kote, lakini hawakubaliani. Nani anasema kweli? Nilijaza daftari zima kwa swali hilo wakati wenzangu wa maendeleo ya jamii wakisomea mitihani. Kulinganisha kulinifurahisha. Kulinifanya nijione hakimu.

Nilipomaliza chuo sikupata kazi, nikarudi Unyambwa kwa babu na bibi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Umerudi na cheti au umerudi na mume?"

"Na cheti. Mume si nimemkuta hapa, ana meno mawili."

Bibi alikuwa anapepeta alizeti mlangoni. "Mchukue, mke mwenzangu," alisema. "Ila na kikohozi chake uondoke nacho, usiniachie."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Unaweza kumcheka meno, masikio, hata uanaume wake, mradi umeanza na shikamoo. Naye anaweza kukucheka chochote. Kitu kimoja tu hakiruhusiwi: aliyetaniwa kukasirika. Akikasirika mbele ya watu, aibu ni yake, si ya aliyemtania.

Babu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na alikuwa amekalia kinanda cha usharika wetu tangu mama yangu hajazaliwa. Alasiri moja, tukiwa wawili tu, nilimuuliza kile kipande alikipata wapi. Alifurahi, akavuta kiti.

Mmisionari mmoja, alisema, alipokuwa anarudi kwao alimwachia kaseti. Noti hazikuwepo, kaseti tu. Babu alikuwa na redio ya kaseti, na betri wakati ule zilikuwa adimu. Zilipochoka alizianika juani juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba, kama watu wote walivyofanya, nazo zikapata nguvu ya nusu saa. Alibeba redio hadi kanisani, akaiweka juu ya kinanda, akasikiliza kipande kidogo, akakitafuta kwa vidole, akakiandika kwa do-re-mi kwenye daftari kubwa la kaunta. Akarudisha mkanda. Akasikiliza tena. Alifanya hivyo kiangazi kizima.

"Wiki niliyomaliza mstari wa mwisho, redio ikautafuna mkanda," alisema. "Wiki ileile! Ungetafunwa mapema, kazi yote ingekuwa bure. Usimwambie bibi yako. Atasema kumbe mimi ndiye niliyemaliza betri za taarifa ya habari."

Alikuwa hajawahi kumweleza mtu. Alicheka hadi akafuta macho.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa kabla hajamaliza. Kaseti inayozungushwa na betri zilizochoka huenda polepole, na sauti yake hushuka. Jioni nilitafuta karatasi ya noti ya kipande kile kwenye simu. Mwanzoni mwa mstari kulikuwa na alama moja ya kupandisha sauti, maana yake Do ni G. Babu alikuwa anakipiga Do ikiwa E. Alikuwa ameshuka chini na akapungua mwendo kwa pamoja, kama redio inavyoshuka. Kanisa zima lilikuwa limezika watu wake kwa mwendo wa betri zilizoanikwa. Sikumwambia. Nililiweka akiba.

Mwaka uleule usharika ulinunua kinanda kipya, chenye midundo ndani yake, na kamati ya kwaya ikaamua kwamba kitakuwa na mwalimu mmoja tu. Kulikuwa na babu, na kulikuwa na kijana fundi simu wa mjini aliyejua kukibonyeza hadi kikatoa ngoma, gitaa na makofi. Vijana walimtaka yeye. Walisema babu anachelewesha kila kitu, hata maiti. Mwenyekiti wa kwaya, mwenye duka la pembejeo, alinisimamisha njiani.

"Dada, wewe umesoma. Mzee anakipiga kile cha mazishi kama kilivyo, au anapiga anavyojua?"

"Tukutane Jumamosi," nilimwambia. "Nitawasikilizisha wanaokijua."

Asubuhi ya Jumamosi hiyo babu alikunywa chai amesimama. "Wakinitoa pale, mke wangu," alisema, "nitakuwa mzee tu. Sasa hivi ni mzee mwenye kazi. Nashukuru upo. Wewe unaweza kuwaeleza."

Nilikuwa na deni lake la utani. Wiki moja kabla, mbele ya wageni waliokuja kumwona bibi, alikuwa amesema: "Huyu amekaa chuo miaka mitatu akasomea kwamba vijijini kuna shida. Mimi nimekaa humuhumu, nimejua bure." Wageni walicheka sana. Na mimi nilicheka, kama sheria inavyotaka, nikalala na kicheko kile kooni. Siiandiki kama sababu ya kutosha. Ndiyo iliyokuwepo.

Kanisani walikuja watu ishirini na kitu. Babu alikaa kwenye kiti chake cha kinanda, kijana fundi simu akakaa benchi la nyuma. Niliweka spika yangu ndogo juu ya meza na kuwaeleza kwamba hawa watatu ni miongoni mwa wapiga piano wakubwa, na kwamba watakachosikia ni kipande kilekile cha mazishi.

Nilianza na yule mama.

"Huyu anabembeleza mtoto," alisema mama mmoja wa sauti ya pili.

Nikaweka kijana.

"Huyu anakimbia mvua," alisema mtu wa besi.

"Mvua gani? Anakimbia mgambo!"

Walicheka. Babu hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wake wa kulia juu ya goti ukienda kwa mwendo wake mwenyewe. Nilipoweka wa tatu, yule wa mikwaruzo, aliinua kidole.

"Rudia pale anaporudia."

Nikarudisha.

"Mara ya kwanza anatuambia sisi," alisema babu. "Mara ya pili hasemi na sisi tena. Ametugeuzia mgongo, anamwambia aliyelala mle ndani."

Mama wa sauti ya pili alisema "Eeh" kwa ndani. Mimi nilikuwa nimemsikiliza mtu yule karibu miaka miwili, nikajaza kurasa, na sikuwahi kulisikia hilo. Babu alilisikia kwa mara mbili, kwenye spika ya mkononi.

Kisha akasimama. "Mmewasikia. Watatu, na kila mmoja ana mwendo wake. Hakuna aliyekwenda kumuuliza mwenzake. Huyu anabembeleza, huyu anakimbia, huyu amefiwa. Basi na mimi ni wa nne."

Ilikuwa imekwisha. Niliona mwenyekiti anatikisa kichwa kukubali. Yule kijana wa nyuma alikuwa anaangalia viatu vyake. Kama ningezima spika na kukaa chini, babu angekuwa kwenye kile kiti hadi leo.

"Shikamoo babu," nilisema.

Kila mtu alijua maana ya kumwamkia mtu katikati ya mkutano. Nyuso ziligeuka zikiwa na tabasamu tayari.

"Marahaba mke wangu."

"Hao watatu walichagua mwendo wao. Wewe wako ulichaguliwa na betri."

Nikawasimulia yote. Kaseti, mwamba, betri juani, redio juu ya kinanda. Nikawaeleza kuhusu G na E. Nilisimulia vizuri, kwa vituo, nikimwiga anavyorudisha mkanda. Kumbe kanisa letu, niliwaambia, limekuwa likizika watu kwa redio iliyokuwa inakata roho.

Kanisa lililipuka.

"Mama yangu mimi mmemtoa kwa betri kuukuu!"

"Ndiyo maana tulikuwa tunachoka, jeneza likawa zito!"

"Mzee Betri!"

"Mwanikeni juani, labda atashika mwendo!"

Babu alicheka. Alipaswa kucheka, na mimi nilijua kwamba atapaswa. Alicheka huku meno yake mawili yakionekana, akapiga makofi mara moja, akasema, "Mke wangu amenipata." Kisha mwenyekiti, naye akijifuta machozi ya kicheko, akasema, "Haya mzee, sasa tupigie kwa betri mpya."

Angeweza kukataa. Lakini kukataa ni kukasirika. Alikaa kwenye kinanda kipya, akaanza Do ikiwa G, kwa mwendo wa yule kijana wa cherehani. Vidole vyake vilikuwa vimezoea vitufe vyeusi vya E kwa maisha yote. Alikosea mstari wa kwanza, akarudia. Alikosea tena palepale. Mara ya tatu alifika mbali kidogo, mkono wa kushoto ukatangulia wa kulia, ukasimama kuungoja, na wa kulia haukuja. Yule fundi simu alitoka nyuma kwa heshima zote, akabonyeza kitufe kimoja, akasema, "Babu, piga kulekule ulikozoea, mashine itapandisha yenyewe." Hakuwa na ubaya wowote. Hilo ndilo lililommaliza. Babu aliangalia vitufe vile ambavyo sasa vilitoa sauti ambazo hazikuwa chini ya vidole vyake, akavuta mikono, akaiweka mapajani.

"Asanteni," alisema. "Mpeni kijana."

Kamati ilipiga kura kwa mikono kabla jua halijafika madirishani. Sikuwa mjumbe, wala hakuna aliyeuliza maoni yangu, kwa sababu nilikuwa nimeshayatoa.

Bibi aliyapata yote kabla sijafika nyumbani. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua macho.

"Ungemcheka meno," alisema. "Ungemcheka kikohozi. Vitu anavyo vingi vya kuchekwa. Ukakitafuta kile alichokuwa nacho kimoja."

"Bibi, nilisema ukweli."

"Nani alikuomba?"

"Mwenyekiti."

"Basi kakae kwa mwenyekiti akupikie."

Babu hakunikasirikia. Hakuninyima neno. Asubuhi iliyofuata nilimwamkia, akajibu, "Marahaba mjukuu wangu." Nilingoja kitu cha pili, mume, cheti, chochote. Hakikuja. Nilimtania kuhusu kofia yake, akasema, "Ni kweli, imechakaa." Sheria inamkataza mtu kukasirikia utani. Haimlazimishi kutania. Nilijaribu kwa wiki kadhaa, halafu nikaacha, kwa sababu mtu anayetania peke yake anatukana tu.

Ibadani alihamia benchi la wazee, karibu na mlango. Watoto wa shule ya Jumapili walimwita Babu Betri, tena kwa adabu, wakimshika mkono. Kwenye mazishi yule fundi simu alipiga kipande kile juu, upesi, na ngoma ndogo chini yake. Wabeba jeneza walijikuta wanakwenda nusu mbio. Kwenye maziko ya jirani yetu mmoja walikanyagana mlangoni, jeneza likagonga nguzo. Baadhi ya watu walimtazama babu. Yeye alitazama mbele.

Miezi ilipita. Siku moja niliamua kuandika makala kuhusu wale wapiga piano watatu, nikiwa na matumaini ya kuituma mahali. Nilitaka kuanza na swali rahisi: mtunzi mwenyewe aliagiza kipande hiki kiende kwa kasi gani? Nilifungua ile karatasi ya noti kwenye simu, ileile niliyoitumia kumhukumu babu. Nilitafuta juu ya mstari wa kwanza, mahali ambapo watunzi wa baadaye huandika haraka, au taratibu, au kwa majonzi. Hapakuwa na kitu. Nilitafuta nakala nyingine, zikiwemo zilizopigwa picha kutoka kwenye mwandiko wa kale. Hapakuwa na kitu. Nilisoma zaidi, nikakuta kwamba watu wa zama zile mara nyingi hawakuandika mwendo, walimwachia mpigaji. Nikakuta pia kwamba vinanda vya miji mingi ya wakati ule vilipangiwa sauti ya chini kuliko vya leo. Si chini kama redio ya babu, lakini chini.

Mimi ninayejisifu kwa kuhoji kila kitu nilikuwa nimeifungua karatasi ile mara moja, nikasoma alama moja niliyokuwa naitaka, nikaifunga.

Yule mama alikisia. Kijana alikisia, na yule wa mikwaruzo naye alikisia. Kwa babu, betri ndizo zilizokisia kwanza, hilo halibadiliki. Lakini redio ile ilikufa, na yeye akaendelea kukipiga miaka yote hiyo, jeneza baada ya jeneza, akiangalia miguu ya wabebaji na nyuso za wafiwa. Kila mara angeweza kuongeza mwendo. Hakuongeza. Hilo nalo ni kuchagua, na alilichagua mara nyingi kuliko wale watatu wakijumlishwa.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu."

Nilikaa chini, nikamweleza. Nilimwonyesha karatasi kwenye simu na ile nafasi tupu juu ya mstari. Alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu, akarudisha simu.

"Umejua lini?"

"Jana."

"Siku ile uliniambia mbele ya watu wangapi?"

"Ishirini na kitu, babu."

"Na leo?"

Alichukua hindi lingine.

"Nenda kawaambie hao," alisema.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye mazoezi. Niliomba dakika chache, mwenyekiti akanipa. Nilieleza polepole. Nilisema kwamba hakuna mwendo ulioandikwa, kwamba babu alipojiita wa nne alikuwa sahihi, na kwamba mimi ndiye niliyekosea. Niliomba arudishiwe kiti, hata kama ni cha mazishi peke yake. Walinisikiliza kwa utulivu hadi mwisho.

"Kwa hiyo unasema Mzee Betri alikuwa anapiga sawa?" aliuliza mama wa sauti ya pili.

"Naomba msimwite hivyo."

"Kwani nani alimbatiza? Mimi nilikuwa namwita mwalimu."

Kicheko kilianza benchi la besi, kikaja mbele. Mwenyekiti aliinua mkono kukituliza.

"Dada," alisema, "ulisoma kidogo tukamtoa mwalimu. Umesoma zaidi unataka tumrudishe. Sasa nenda kasome mpaka umalize, ndipo uje. Sisi tuna wimbo wa kesho." Akamgeukia yule kijana. "Tupe mdundo."

Mdundo ukaanza. Niliondoka ukiwa unaendelea.

Babu alikuwa mbele ya nyumba, kwenye kiti. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa shati jeupe na koti, na viatu vyake vilikuwa vimepakwa rangi. Bibi alisimama mlangoni nyuma yake, na aliponiona uso akaingia ndani.

"Wamesemaje?"

Nilifikiria kumwambia kwamba watalijadili. Angeweza kuishi na jibu hilo mwezi mzima, akinyoa kila Jumamosi. Nikamwambia walichosema, maneno ya mwenyekiti kama yalivyokuwa, na kwamba walicheka, na walichokicheka.

"Haya," alisema.

Alisimama, akavua koti, akalikung'uta ingawa halikuwa na vumbi, akalitundika kwenye msumari wa ndani ya mlango. Aliporudi aliniuliza kama kuku wamepewa maji. Nikasema bado. Nikainuka kwenda kuyachota.

"Kaa," alisema. "Nitawapa mwenyewe."